Makopo ya Mkwe Wangu

Jumapili, 5 Machi 1995

Mkwe wangu Wabwire amepata wazimu mpya. Mwaka juzi alifuga sungura, mwaka jana akanunua gitaa. Sasa ni makopo.

Leo baada ya ibada alitupeleka City Park sote: mkewe Lorine, ambaye ni binti yangu wa pekee, na wajukuu wangu wawili, Marion wa darasa la sita na Luseno ambaye ndio kwanza ameanza nasari. Tulipofika akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa amechora ramani ya bustani: kile kibanda cha mviringo ambamo bendi ilikuwa ikiwapigia Wazungu enzi zao, makaburi ya zamani, kichaka cha mianzi. Mahali fulani humo, akasema, ameficha kopo. Atakayelipata aandike jina lake kwenye karatasi iliyo ndani, achukue kitu kimoja, aache kingine, kisha alirudishe lilipokuwa. Mchezo wenyewe ndio huo. Mtu mzima, ndevu zimemjaa, mwenye kazi ya stoo katika kiwanda cha rangi, anarauka Jumapili kwenda kuficha kopo porini ili watu wazima wenzake wakalitafute. Anasema alijifunza akiwa skauti. Nimefundisha shule ya msingi tangu ujana wangu hadi nikastaafu na sijaona skauti aliyefika popote.

Mimi niliketi kwenye mkeka wangu, mbali. Sisi Waluhya mama mkwe na mkwewe hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe hata inyeshe mvua ya mawe. Wabwire amemwoa Lorine miaka kumi na miwili na sijawahi kumgusa hata kidole. Nikipita alipo, yeye hupisha njia. Tukiwa na neno, tunamtuma mtoto. Ni desturi nzuri sana na ningependa ipanuliwe iwahusu majirani pia.

Tumbili waliiba ndizi zetu. Marion alilipata kopo chini ya ngazi za kibanda cha bendi, akapiga kelele kama aliyepata dhahabu. Ndani mlikuwa na peremende na penseli. Nimempa Wabwire alama tatu kwa kumi, zote za kumpenda binti yangu.

Jumatano, 8 Machi

Vumbi. Adhiambo, jirani yangu, ameazima pasi tena. Hana haya.

Jumamosi, 11 Machi

Daftari halina mdomo, basi acha niliambie. Sioni vizuri.

Jicho la kushoto liliingia ukungu Krismasi ya mwaka juzi, na sasa la kulia linamfuata nduguye. Nikiwa juani ni kama natazama watu kupitia kitambaa cha kuchujia maziwa. Sihitaji daktari wa kuniambia ni mtoto wa jicho. Mama yangu alikuwa naye. Walimpasua, na siku walipomfungua bandeji hakuona hata dirisha.

Lorine akijua, nimekwisha. Binti yangu ni karani, na kazi yake ni kupanga watu kama mafaili. Kwake, mtaa wa Umoja, siwezi kukaa kwa sababu ya ukwe. Basi itabaki Butere, kwa Patrobas, ndugu ya marehemu mume wangu, ambaye ameshanijengea chumba karibu na zizi na kila mwaka ananiuliza nitahamia lini. Patrobas ni mtu anayekohoa mlangoni ili kila mtu ajue kwamba ameingia. Huko nitatolewa juani asubuhi na kurudishwa ndani jioni pamoja na mbuzi. Hapa Kaloleni nimeishi tangu mume wangu alipokuwa kazini reli. Najua kila msumari wa nyumba hii. Naweza kupika humu gizani, na siku nyingine ndivyo ninavyofanya.

Kwa hivyo hakuna atakayejua. Na kati ya michezo yote ya dunia, huyo skauti amechagua ule unaotaka macho na macho tu.

Jumapili, 12 Machi

Kopo tena. Nilisema magoti yananiuma. Nikabaki mkekani nikiwadharau kutoka mbali.

Jumapili, 19 Machi

Mvua ya masika ilianza Ijumaa. Leo ilinyesha asubuhi, kisha jua likatoka kwa ghafla na bustani nzima ikang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Siku kama hizo ndizo mbaya zaidi kwangu.

Kuna mpiga picha pale City Park anaitwa Samatar, kijana Msomali wa Eastleigh, mrefu, na koti lake refu la manjano. Jumapili mbili zilizopita alinisalimu kwa heshima, akauliza hali ya wajukuu. Leo nilikuwa natoka msalani, nikamwona amesimama peke yake penye njia ya mianzi. Nikamfuata, nikamnyoshea mkono, nikamwambia, "Hujambo mwanangu? Naona mvua haijakufukuza."

Akaruka! Aliruka kando mpaka ndani ya kichaka kama mtu aliyekanyaga siafu, akanipa mgongo, asijibu neno. Mkono wangu ukabaki hewani kama wa mwombaji kanisani. Tumbili walikuwa wakitazama. Niliurudisha mkono, nikaufuta kwa leso kana kwamba ndivyo nilivyokusudia, nikaenda zangu.

Vijana wa siku hizi. Ukimpa kamera anajiona mfalme. Sitapigwa picha naye tena hata anibembeleze.

Jumapili, 26 Machi

Mkwe wangu amefilisika akili. Kopo la leo lilikuwa jeupe pepepe, limepakwa ile rangi ya kuchorea barabara, limekalishwa kwenye panda ya mti mweusi. Kitu cha kufichwa hupigwa rangi nyeupe? Tena ramani ameichora kwa brashi, herufi kubwa kama za kibao cha kinyozi.

Nililiona nikiwa nimekaa. Nikaondoka mkekani polepole, bila kumwambia mtu, nikalifikia kabla ya watoto. Marion alikuja mbio, akiniita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha yetu.

"Manze, Kukhu! Umetushinda?"

"Mlikuwa mnatafuta chini," nikamwambia. "Shuleni kwangu mngesimama pembeni."

Nimeandika jina langu, Asenath, kwa mwandiko wa ubaoni. Nimechukua peremende ya nanaa, nimeacha kipande cha chaki kilichokuwa kwenye mkoba tangu nilipostaafu. Nimempa Wabwire alama mbili. Moja nimeitoa kwa uzembe wa kuficha.

Jumapili, 2 Aprili

Leo ametundika kopo na kengele ya mbuzi. Upepo unavuma, kengele inalia, watu wazima wanaambiwa watafute. Ningecheka kama asingekuwa baba wa wajukuu wangu.

Nimelipata mimi tena. Ndani mlikuwa na kalamu nene nyeusi ya kuandikia makatoni. Takataka za kiwandani, bila shaka. Nimeichukua kwa sababu sheria inasema uchukue, nikaacha kifungo cha koti. Ndiyo ninayoandikia hapa. Si mbaya. Naweza kusoma nilichoandika sasa hivi, jambo ambalo kwa kalamu ya zamani lilikuwa limenishinda. Daftari litaisha mapema kwa sababu mistari miwili sasa imekuwa mmoja.

Jumatano, 5 Aprili

Adhiambo alinisimamisha nikienda dukani. Yeye ana kibanda cha viatu Kariokor na macho yake huanza kumtazama mtu kutoka miguuni.

"Asenath, hiyo ni fasheni ya wapi? Ndara moja ya kahawia, ingine nyeusi!"

"Nilivaa kwa haraka."

"Haraka ya kwenda kununua chumvi?" Akanisogelea, nikasikia harufu ya ngozi na gundi. "Wewe, mficha maradhi kifo humuumbua. Enda uangaliwe hayo macho."

Nikamwambia macho yangu yanaona vizuri sana pasi yangu iliyo nyumbani kwake. Jioni ameirudisha, imechomwa sehemu ya waya. Mtu kama huyo ndiye wa kunishauri.

Jumapili, 9 Aprili

Mvua. Hatukwenda. Nimekaa siku nzima nikisikiliza maji. Si kwamba nilitaka kwenda.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka

Patrobas amekuja kutoka Butere na jogoo wawili na kikohozi chake. Alikohoa kanisani, alikohoa City Park, hata tumbili walimkimbia. Amenieleza habari za chumba changu karibu na zizi: amekiongezea dirisha. Linaangalia zizi.

Wabwire alitoa karatasi ya ramani kama kawaida na Marion akaniletea. Patrobas akanyosha shingo. "Shemeji," akasema, "wewe ndiye mwalimu hapa. Tusomee basi tusikie." Akanitazama kwa ule wema wake unaonuka.

Nikaishika karatasi. Kulikuwa na jua kali, na juu ya karatasi sikuona chochote ila weupe. Nilikuwa nimeanza kusema kwamba miwani nimeisahau, wakati miwani ilikuwa usoni mwangu, ndipo Wabwire akaita kutoka ng'ambo ya nyasi, bila kututazama:

"Marion! Leo sheria imebadilika. Karatasi inasomwa na watoto pekee. Mkubwa akisoma ametolewa kwa mchezo."

Marion akainyakua, akasoma. Patrobas akasema hajawahi kuona mchezo wa kijinga kama huo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu nilikubaliana naye. Kunidharau hivyo mbele ya shemeji yangu! Mwalimu mzima kukatazwa kusoma! Ni kweli iliniokoa, lakini mjinga akirusha jiwe ovyo siku moja litaangusha embe. Alama moja kwa kumi.

Patrobas anarudi kwake kesho. Mungu amsafirishe salama na amcheleweshe huko.

Jumapili, 23 Aprili

Kopo lilikuwa na kitambaa chekundu kirefu kama mkia. Nimelipata mimi. Marion anasema nina bahati. Nimemwambia bahati ni ya wavivu.

Jumapili, 30 Aprili

Mvua imeng'oa mti karibu na jumba la mikutano hapa Kaloleni. Nimezoea sasa kuhesabu wiki kwa makopo. Ni aibu, wala sitamwambia mtu.

Jumapili, 7 Mei



Kengele ya kopo ilikuwa inalia upande wa bondeni. Niliitambua kabla ya mtu mwingine. Marion alitaka kunifuata nikamkataza, nikamwambia atafute kwake. Nilitaka ushindi wangu mwenyewe. Luseno akanishika mkono, tukashuka sisi wawili, nikifuata mlio kwa masikio kama mtu mwenye macho yake. Nilikuwa nimejaa kiburi mpaka kooni. Nilikuwa namwambia mtoto, "Unaona? Kukhu hashindwi."

Mbele yetu kulikuwa na mtaro wa kupitisha maji ya mvua. Nyasi zilikuwa zimeinamia juu yake, na chini maji mekundu yalikuwa yanakwenda kwa nguvu. Mimi niliona kijani tu. Nilidhani ni uwanja.

Nikasikia mtu anakimbia, anapita kando yangu kwa mbali, kisha kishindo cha maji. Wabwire alikuwa amejitosa mtaroni, maji yakimfika kiunoni, amenipa mgongo kama desturi inavyotaka, mikono ameitanua huku na huku kutuzuia.

"Luseno! Simama hapo! Mwambie Kukhu asimame!"

"Kukhu," mtoto akasema, kwa adabu zake zote, "Baba anasema usimame."

Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshateleza. Nikaketi kwenye tope, nikaanza kuserereka nikiwa bado nimemshika mtoto. Wabwire akanyosha mkono nyuma, akamchukua Luseno na kumweka ukingoni. Mimi hakunigusa. Alichomoa mwavuli aliokuwa ameuchomeka kwenye mkanda, akaupitisha juu ya bega bila kugeuka.

"Luseno, mwambie Kukhu ashike mwavuli."

Nikaushika. Akavuta mpaka nikafika penye nyasi ngumu. Hakugeuza kichwa hata mara moja. Maji yalikuwa yanamsukuma na bado alikuwa anaheshimu ukwe. Sijui kama huo ni ujinga au ni nini.

Lorine alifika anapiga mayowe. "Mama! Hukuona mtaro? Mtaro wote huo!"

Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, Wabwire akajibu kutoka majini. "Nyasi zimeufunika. Hata mimi sikuuona. Ni kosa langu, nimetundika kopo mahali pabaya."

Lorine akamgeukia. Alimtukana mumewe mbele ya watu, mbele ya watoto, mbele ya bwana mmoja aliyekuwa akiuza karanga. Akamwita mtoto asiyekua. Akasema mchezo umekwisha leo, na makopo yote yakatupwe. Wabwire alisimama pale akichuruzika maji, akaitikia tu, "Sawa, Lorine. Sawa."

Na mimi nilinyamaza. Nilikuwa na neno moja tu la kusema na sikulisema, kwa sababu nyuma ya hilo neno niliona kile chumba karibu na zizi. Usiku huu najiambia kwamba alistahili kukemewa, kwamba mtu hatundiki kopo karibu na mtaro. Lakini nimekumbuka kuwa kengele ilikuwa ng'ambo, na kulikuwa na daraja, na Marion alikuwa ametusomea daraja hilo kwenye ramani. Ni mimi niliyepita njia yangu.

Jumapili, 14 Mei

Hakuna mchezo. Baada ya ibada kila mtu alikwenda kwake. Lorine na mumewe hawasemeshani, Marion ameniambia. Luseno ameuliza kopo linalala wapi siku hizi.

Jumapili, 21 Mei

Marion anahitaji picha ndogo za shule. Nikajitolea kumpeleka City Park, kwa Samatar. Nilikuwa nimeapa sitapigwa picha naye, lakini kiapo kilinihusu mimi, hakikumhusu Marion. Tena nilikuwa na la kumwambia.

Alinisalimu mara aliponiona, kwa heshima ile ile. "Mama! Habari ya siku mingi?"

"Leo una mkono wa kusalimu?" nikamwuliza. "Mwezi wa tatu uliniacha na wangu hewani, ukaruka kichakani kama paka."

"Mimi, mama?" Akacheka, kisha akaona sicheki. "Mwezi wa tatu mimi nilienda Garissa, mama yangu alikuwa mgonjwa. Mvua ilianza siko hapa. Nimerudi Alhamisi hii imepita. Wallahi, si mimi."

"Nilikuona na hilo koti lako la manjano."

"Koti ya manjano ni mingi, mama."

Marion alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea kamba ya mkoba. "Kukhu," akasema polepole, "Buda ako na koti kama hiyo. Walipewa job."

Buda ni baba yake. Nilimshika mkono, tukaketi kwenye ngazi za kibanda cha bendi. Nikamwambia aniambie yote anayoyajua.

"Ile siku alirudi kwa mkeka na majani kwa koti. Akatushow tusikusumbue, tusikukimbilie kwa njia, na tusikuulize unaona nini. Akasema hiyo ni siri yako, si yetu. Halafu jioni akaanza kupaka kopo rangi."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nilimnyoshea mkono mkwe wangu. Nilimwita mwanangu, nikatembea mpaka mbele ya pua yake ili nimshike. Kwetu mwanamke hawezi kufanya hivyo akiwa na akili zake na macho yake. Wazee wakisikia, watataka kondoo wa kuondoa aibu hiyo, na habari itafika Butere kabla ya kondoo. Na yeye akajua papo hapo, kwa sababu akili zangu anazijua ni timamu, basi kilichobaki ni macho. Hakumwambia mkewe. Hakumwambia mzee yeyote. Alikwenda kazini akachukua rangi nyeupe. Kisha kengele. Kisha kalamu hii hii ninayoandikia.

Nina hasira mpaka masikio yanawaka. Amenihurumia! Mimi niliyekuwa nikilipata kopo kabla ya wote na kujivuna kama kuku aliyetaga! Jumapili zile zote nilizomdharau mkekani, yeye alikuwa ameketi ng'ambo ya nyasi, amenipa mgongo, akisikiliza kengele kama nimefika. Nilikuwa nampa alama. Nilikuwa natoa alama kwa mtu aliyekuwa ananiandalia mtihani rahisi ili nisianguke mbele ya darasa. Nimewafanyia watoto wa watu hivyo mara nyingi, wale wanyonge, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakaa kwenye dawati lao.

Nimeona haya. Ndiyo neno lenyewe.

Jumatano, 24 Mei

Nimemwita Adhiambo. Nimemwambia. Akasema, "Nani hajui?" Nimemwazima pasi.

Jumapili, 28 Mei

Leo mchezo ulikuwa wangu.

Niliwatangulia City Park na Adhiambo, tukaficha kopo langu la majani ya chai. Ramani nimeichora mwenyewe kwa kalamu nene, nikampa Marion ampelekee baba yake peke yake, na ujumbe kwamba mama mkwe ameagiza. Lorine alinuna, lakini nani atakataa agizo la mama yake siku ya Jumapili. Kisha nikaketi kwenye kibanda cha bendi, mgongo kwenye nguzo, nikangoja.

Ndani ya kopo nilitia kitu kimoja tu. Miwani yangu.

Hakukawia. Nilisikia kifuniko cha kopo kikifunguka. Kisha viatu vikapanda ngazi za upande wa pili na mtu akaketi nyuma ya nguzo. Adhiambo aliondoka akijifanya anafukuza tumbili.

"Nguzo," nikasema, "mwulize huyo bwana, amejua tangu lini?"

Akakohoa kidogo, si kama Patrobas. "Nguzo, mwambie Kukhu, tangu siku ya mkono."

"Mwulize kwa nini hakumwambia mkewe."

"Mwambie, macho ni yake. Neno lilikuwa lake la kusema, si langu."

"Mwambie kengele ya mbuzi ilinikera. Mimi si mbuzi."

"Mwambie anisamehe. Nilitafuta ya kanisa nikakosa."

Nilikuwa karibu kucheka. Nikaiuliza nguzo lile lililonileta. "Mwulize anaonaje. Nikimwambia Lorine leo, jioni nitakuwa nimepangiwa safari ya Butere."

Nilisikia anageuza miwani mikononi, anakunja na kukunjua. "Mwambie Kukhu, Butere haendi mtu. Nimeongea na Marion. Mjukuu kulala kwa nyanya yake si mwiko. Atahamia Kaloleni, atakuwa anatokea huko kwenda shule. Atamwongoza, atamsomea. Na Kukhu akikubali kupasuliwa, mimi nitamngoja nje ya geti la hospitali, mbali, pale panaporuhusiwa."

Marion ndiye mtoto anayemngoja baba yake kila jioni dirishani. Ndiye anayecheza naye gitaa lile baya. Nyumba ya Umoja bila Marion, huyu mtu atakuwa anarudi kwa nani, kwa mke aliyemnunia? Alikuwa ananipa mboni yake ya jicho na anaisemesha nguzo kana kwamba anaomba chumvi. Nililia.

Nilipomaliza nikasema, "Mwambie namwogopa daktari. Mama yangu walimpasua akatoka kipofu."

"Mwambie na mimi naogopa," akasema. "Lakini afadhali tuogope tukiwa wengi."

Lorine alikuwa ameketi mkekani ng'ambo ya nyasi. Namjua binti yangu. Atalia, atakasirika, kisha atatoa kalamu aanze kupanga. Lakini kabla ya hapo kuna neno la mtaroni ambalo sikulisema, na mumewe amelala nalo wiki tatu. Nilisimama. Jua lilikuwa limetoka, na kati yangu na mkeka hakukuwa na kitu ila weupe.

"Nguzo," nikasema, "mwambie sheria ya mchezo. Amechukua miwani. Ameacha nini?"

Mwavuli ukajitokeza pembeni mwa nguzo, mpini ukinielekea mimi.

Nimempa alama nane kwa kumi. Mbili nimezizuia asije akaota mapembe. Tulivuka nyasi vile, yeye mbele amenipa mgongo, mimi nyuma, mwavuli kati yetu, na Lorine akasimama mkekani na kuanza kuuliza kuna nini kabla hatujafika. Wabwire alikuwa ameushika vibaya, umemkaa upande kama jembe, kama anavyoshika kila kitu. Sikuuachilia.